Mkwe Niliyempiga Marufuku

Akina mama wa jumuiya yetu wananichosha. Kila mwaka likija juma la familia huniketisha kwenye kiti cha mbele, wananizungushia kanga mpya mabegani, kisha wanataka niwasimulie baraka ambazo Mungu amezijalia nyumba yangu. Wanataka kusikia kwamba nilisali, nikafunga, nikavumilia, na mambo yakanyooka. Wengine wameshashika leso mkononi kabla sijafungua mdomo. Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na ushee, na mtu anayeuliza swali huku jibu analo tayari namjua kwa macho. Kwa hiyo huwaambia nashukuru kwa uzima, wanapiga makofi, naletewa soda ya moto, tunaondoka.

Hii ninayoiandika hapa sijawahi kuisimulia kwenye kiti kile. Haina kufunga wala kuvumilia. Ndani yake mimi ni mwalimu mstaafu mwenye mdomo mchafu, na baraka ilipofika mlangoni kwangu niliikwida shati nikaitaka itoke.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, soko huria limeingia, na Mwanza nzima imegeuka duka. Jirani yangu wa juu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuuza hata yai, alianza kuuza makoti ya mitumba, makoti ya baridi kali yenye manyoya shingoni, akayaanika juu ya majabali ya Mkuyuni jua likiwaka. Jirani wa chini alinunua kipaza sauti akaanzisha kanisa sebuleni kwake. Redio ikatuambia nchi imefunguka. Mimi niliona kilichofunguka ni midomo ya watu.

Na sangara je? Sangara mwenyewe simheshimu. Ni samaki mkubwa asiye na adabu, kawamaliza furu wote, wale samaki wadogo tuliokula utotoni, na miaka ile viwanda vikaanza kumchuna minofu na kuipandisha ndege kwenda Ulaya. Sisi tukaachiwa kichwa na mifupa. Watu wakaipa mifupa ile jina, wakaiita mapanki, wakaikaanga na kuiuza barabarani, na wakawa wanaisifia utamu. Nilipita kwenye vikaango vile nimeziba pua na kanga, nikihakikisha kila mtu ananiona nimeziba.

Mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pekee, alikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha nguo. Kwa maelezo ya binti yangu alivaa mashati meupe, alifuga ndevu, alikuwa na kitambi cha ofisini, na alikuwa mtu mpole. Kiwanda kikapunguza watu, kisha kikafungwa, na mkwe akarudi nyumbani kwake Mkolani mikono mitupu. Nilichosema siku ile kilisikika mpaka barabarani. Nilisema mwanaume aliyeshika kalamu miaka kumi hawezi tena kushika kitu kingine chochote, na kwamba binti yangu sasa atalishwa mapanki hadi azeeke. Nilimwambia binti yangu. Mkwe mwenyewe nisingeweza kumwambia lolote.

Hapo inabidi nieleze. Kwetu Usukumani, jinsi nilivyolelewa mimi, mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja, na jina lake silitaji. Nikimwona anakuja njiani najitupia kanga usoni na kuingia vichakani, naye akiniona anageuka na kuchuchumaa akitazama upande mwingine mpaka nipite. Wengi wa mjini wameshaacha. Wanakaa na wakwe zao bega kwa bega wakitazama televisheni, na wanadhani hayo ndiyo maendeleo. Mimi sikuacha. Darasani nilifundisha sayansi, nilichora moyo na mapafu ubaoni, niliwakaripia watoto walioogopa bundi, halafu nikirudi nyumbani najificha jikoni kwa sababu mwanaume fulani amepita na baiskeli.

Siku ya harusi yenyewe nilishinda jikoni na masufuria, nikaambulia kuona mgongo wa suti. Binti yangu alitundika picha ya harusi sebuleni kwangu, nami nikaifunika kwa kitambaa cha kufuma, maana sikuweza kula ugali yule mtu akinitazama. Kwa miaka sita nilimjua mkwe wangu kwa mgongo na kwa kikohozi, kile alichokohoa kunijulisha kwamba yuko karibu nijifiche. Uso wake sikuujua, na niliona fahari kutoujua.

Katika miaka hiyo sita binti yangu alipoteza mimba tatu. Ya kwanza tulilia. Ya pili tulinyamaza. Ya tatu alirudi kutoka hospitali akafagia uwanja, akapika, akafua, na hakusema neno, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha. Alipopata ya nne daktari alimwambia alale kitandani, asibebe hata ndoo ya maji, asipande hata ngazi. Akamwambia pia kwamba ikiharibika na hii, asijaribu tena.

Nilitaka mjukuu. Nasema wazi, kwa sababu kule kwenye kiti cha mbele tunajifanya tunataka tu mapenzi ya Mungu yatimizwe. Mimi nilitaka mjukuu. Wenzangu niliofundisha nao walikuwa na wajukuu wa kuwatapikia mabegani, na kila nilipowatembelea nilirudi na hasira ya siku tatu. Mtaa mzima uliniita Bibi kwa ajili ya mvi tu, na kila waliponiita nilihisi wananisimanga.

Basi nikaenda Mkolani kumchukua binti yangu. Mkwe alikuwa ameshatolewa nyumbani mapema ili tusikutane. Nilikuwa nimeshaamua kwamba ubaya uko kwenye nyumba ile, yaani mapanki, mawazo, na mwanaume asiye na kazi anayeshinda mlangoni ameshika tama. Nikamwachia ujumbe kwa mama mwenye nyumba: asikanyage Mkuyuni mpaka mtoto azaliwe. Asije hata kunapokucha, asitume mtu, asikohoe hata kwenye kona ya njia yangu. Mama mwenye nyumba aliniuliza kama sioni ni ukatili. Nilimwambia yeye ashughulike na kodi zake.

Nyumba yangu iko juu, kati ya majabali, mahali ambapo gari halifiki wala halitafika. Ukisimama uani unaliona Ziwa Victoria lote limetandazwa chini yako, maji mpaka macho yanachoka, na ukifungua bomba linatoa upepo. Wataalamu wamekuja na ramani zao, wakanywa chai yangu, wakaondoka. Nilikuwa nikiteka maji bondeni mwenyewe, ndoo moja asubuhi na moja jioni, lakini mgonjwa anahitaji maji zaidi, na magoti yangu hayakuwa tena ya mwalimu wa michezo.

Wiki ya pili nikapata muuza maji. Nilimkuta asubuhi kwenye jabali kubwa lililo chini kidogo ya nyumba yangu, mwembamba, mweusi wa jua, amenyoa ndevu na kichwa, amevaa kofia ya mtumba iliyomshuka mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amebeba madumu mawili yakining'inia kwenye ncha mbili za mti wa mzega begani. Mkokoteni wake aliuacha chini barabarani. Aliponiona alishusha madumu, akachuchumaa, akatazama ziwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hayo maji ni ya bomba au umechota ziwani kwenye vinyesi?"

"Ya bomba, mama."

"Utaniletea kila siku. Unayaacha hapa kwenye jabali, nyumbani kwangu wanaume hawaji. Kuna mgonjwa."

"Ndiyo, mama." Akaendelea kutazama ziwani. "Mgonjwa ameamkaje?"

Nikapenda swali lile. Wauza maji wengine hawaulizi hali ya mtu, wanauliza vyombo viko wapi. Nikamwambia ameamka salama, amekunywa uji. Alishukuru kama vile uji ule amekunywa yeye, akashuka zake.

Ikawa hivyo kila siku. Alikuja jua likiwa limetoka, akachuchumaa, akatazama ziwani, akauliza mgonjwa ameamkaje, nami nikasimama kwenye jabali mikono kiunoni nikamjibu, na baada ya kumjibu nikaendelea. Mtu aliyefundisha miaka thelathini akikosa darasa hutafuta mtu yeyote wa kufundisha. Nilimweleza habari za jirani wa makoti na jirani wa kipaza sauti. Zikiisha hizo, nilimweleza habari za mkwe wangu.

"Nina mkwe," nilimwambia, "hana faida kuliko jiwe hili. Jiwe angalau unaanikia nguo."

"Ndiyo, mama."

"Kasoma, lakini kaachishwa kazi ameketi tu. Wewe hukusoma, lakini angalia, unahangaika. Mgongo wako unakula jasho lake. Yule anasubiri kiwanda kifufuke."

"Ndiyo, mama."

"Na kamlisha binti yangu mapanki! Mwanamke ana mimba, unamlisha mifupa iliyokataliwa na Wazungu!"

Siku ile hakusema ndiyo. Kesho yake, kwenye mpini wa dumu, alikuwa amefungia sato wawili wabichi kwa ukindu, bado wanang'aa. Alisema amewapata mwaloni, kule mitumbwi inakoshushia samaki, alikopeleka maji kwa wavuvi, ni kwa ajili ya mgonjwa. Sato miaka ile alishakuwa samaki wa kutafuta kwa tochi. Niliwapika kwa nyanya na bamia, na binti yangu aliwala mpaka akanyonya vichwa. Tangu hapo kila baada ya siku mbili tatu sato walikuja na maji, na mimi niliwatangaza kwa majirani, nikisema mtu baki anamlisha mwanangu kuliko mume wake wa ndoa.

Binti yangu alikuwa akinisikiliza nikimsifia muuza maji, kisha anajifunika shuka gubigubi na kitanda kinatikisika. Nilidhani analia. Nilimwambia asilie, kulia kunamtikisa mtoto. Akatoa uso, macho yamelowa kweli, akasema, "Sawa mama, silii."

Mtoto alipoanza kucheza tumboni nilishuka mpaka kwenye jabali karibu nikimbie. Nilimwambia muuza maji kabla hajanisalimia.

"Anacheza! Jana jioni kapiga teke mpaka shuka likainuka."

"Anacheza?" alisema. Akavua kofia, akajipangusa uso nayo, akaivaa tena. Niliona ni vumbi. Nikaona pia kwamba mtu maskini akifurahia heri ya wengine namna ile amelelewa na mama mwenye akili, nikamwambia hivyo. Kisha nikamwambia jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka masikio yanawaka.

"Ningekuwa na akili siku zile," nilisema, "ningemwoza binti yangu kwa mtu kama wewe."

Aliinama akafunga kifuniko cha dumu ambacho kilikuwa kimeshafungwa.

Sasa nijiulize, kama nilivyokuwa nikiwauliza watoto wa darasa la saba: mtu anachuchumaa kila akuonapo, anatazama pembeni, hakutazami usoni hata siku moja, anamuulizia binti yako kila asubuhi, na hathubutu kupita jabali. Mtu huyo ni nani? Mtoto wa darasa la tatu angejibu. Mimi nilidhani ni adabu za jumla tu, kwamba ananiheshimu kwa ualimu wangu. Ukijizoesha kutomtazama mtu miaka sita, unapoteza hata uwezo wa kumwona.

Mimba ilikuwa mwezi wa saba. Asubuhi moja, saa nne hivi, nilikuwa nakoroga uji wa mgonjwa nikasikia binti yangu anaita, si kwa sauti kubwa, ila sauti ilikuwa imepinda. Nilipoingia nikakuta maji yamemwagika kitandani na yana damu. Nilitoka mbio hadi uani na mwiko mkononi, nikapiga kelele za kuita watu. Jirani wa makoti alikuwa sokoni. Jirani wa kipaza sauti alikuwa kwenye kipaza sauti.

Muuza maji ndiyo kwanza alikuwa anafika kwenye jabali. Alitupa mzega, madumu yakabiringika na kupasuka chini, na kwa mara ya kwanza akalipita jabali. Alipanda kama hana mifupa, akanipita, akaelekea mlangoni. Nikamkwida shati.

"Wewe! Unaingia wapi? Kuna mwanamke uchi mle ndani! Toka!"

"Nisamehe, mama," alisema akiwa ametazama chini. Shati likachanika mkononi mwangu na yeye akaingia.

Nilimfuata na mwiko wangu nikiwa tayari kumpasua kichwa. Nikamkuta amepiga magoti kando ya kitanda, na binti yangu amemshika shingo kwa mikono miwili.

"Mume wangu," binti yangu alisema. "Umekuja."

Nafikiri mtu mwingine yeyote duniani, akisikia hivyo, na damu iko shukani, angesema haya, mbebe twende. Mimi nilijitupia kanga usoni nikageukia ukuta. Binti yangu anapoteza mtoto, na mimi nimesimama kwenye kona ya chumba changu mwenyewe, nimejifunika kama mwali, naona haya. Sitaki mtu aniambie kwamba mila ndiyo iliyonishika. Mila haina mikono. Nilichokuwa nakiona kwenye giza la ile kanga ni maneno yangu yote ya miezi mitatu, moja moja, jiwe, mifupa, kiwanda kifufuke.

Alimbeba binti yangu mikononi na kushuka naye majabali yale ambayo mimi nikishuka mikono mitupu nashikilia nyasi. Nilifuata nyuma na kanga za uzazi. Chini barabarani alimlaza kwenye mkokoteni, akamtandikia magunia, akashika mbele kuvuta. Mkokoteni ukakwama kwenye mchanga. Hakukuwa na mwingine. Nikashika nyuma nikasukuma.

Basi Mkuyuni yote ikaona. Mama mkwe nyuma, mkwe mbele, mkokoteni mmoja, sokoni, mchana kweupe. Wanawake wa kwetu waliokuwa wanauza mchicha waliacha vinywa wazi, mmoja akaweka mikono kichwani. Na mimi, kwa ujinga uliokuwa bado umenibakia, sikuzungumza naye hata hapo.

"Mwambie apite kushoto," nilimwambia binti yangu, "kulia kuna shimo."

"Mwambie mama kushoto kuna mawe," mkwe alisema akiwa haangalii nyuma.

"Mwambie mawe ni afadhali ya shimo."

"Semeni wenyewe!" binti yangu alipiga yowe. "Mimi nazaa!"

Tukapita kushoto, hatukuambizana tena, na mawe yalikuwepo.

Hospitali walimpokea upesi, siwezi kuwasema vibaya. Mtoto akazaliwa kabla ya saa saba, wa kike, na binti yangu akawa anatoka damu wakampeleka chumba cha upasuaji, na huko walimwokoa. Nesi mmoja mtu mzima alitoka na kitambaa mkononi. Nilidhani amebeba kitambaa tu. Alifungua kona moja nikaona uso wa mjukuu wangu, mdogo kama ngumi yangu, rangi ya maini, umekunjamana kwa hasira ya kutolewa mapema.

"Mama, umeme hakuna, ni mgao," nesi alisema. "Ile mashine ya joto haifanyi kazi mpaka jioni. Huyu akipoa anakwenda. Dawa yake ni mwili wa mtu. Vua blauzi, umweke kifuani, ngozi kwa ngozi, usimwache hata dakika. Hana nguvu ya kulia. Muangalie mdomo. Ukiona ameanza kutafuta ziwa, niite hapo hapo. Akitafuta, anataka kuishi. Asipotafuta mpaka jioni, Mungu anajua."

Wodini hakukuwa na nafasi, vitanda vilikuwa na wawili wawili. Akanikalisha kwenye benchi la korido. Nikavua blauzi, mimi, mwalimu ambaye wanafunzi wake walidhani alizaliwa na blauzi, nikamweka mtoto katikati ya matiti yangu yaliyokwisha, nesi akanifunga kanga. Mtoto alikuwa wa baridi. Nilihisi baridi yake ikiingia kwangu na nikasema, kwa sauti, njoo yote, njoo huku.

Nikakaa. Sijui ni muda gani. Mdomo wake ulikuwa umefungwa kabisa, mwembamba, haukutafuta chochote. Nikaanza kutetemeka, kwa njaa, kwa kusukuma mkokoteni, kwa woga. Jasho lilinitoka likawa la baridi, na nikaona kwamba mwili wangu ni wa mzee, hauna tena moto wa kutosha watu wawili.

Nikainua macho. Mkwe alikuwa pale pale koridoni, hatua tano kutoka kwangu. Alikuwa amesimama uso wake karibu uguse ukuta, mikono kando, shati limechanika bega. Alisimama hivyo tangu nilipovua blauzi. Mtoto wake alikuwa nyuma ya mgongo wake, huenda asifike jioni, na yeye hakuwa amemwona. Alikuwa ananistahi.

Ile heshima niliichukia pale pale. Nilikuwa nimeitunza miaka sita, nimeifunika kitambaa cha kufuma, nimewaringia majirani, na sasa ilikuwa inamnyima mtu kumwona mwanawe akiwa hai.

"Geuka," nikasema.

Hakugeuka. "Mama, siwezi. Uko—"

"Najua nilivyo. Geuka."

Akageuka, macho chini. Nikamwambia aje. Akaja, akachuchumaa kama anavyochuchumaa kwenye jabali.

"Usichuchumae. Kaa benchini. Mimi napoa, na yeye anapoa na mimi. Wewe una damu ya kubeba madumu." Alikuwa bado hajaelewa, na mimi sina uvumilivu na wasioelewa. "Vua shati, baba."

Akahangaika na vifungo, vikamshinda. Nikavifungua mimi kwa mkono mmoja, vilivyobaki vinne. Kisha nikafungua kanga yangu, nikamtoa mtoto kifuani kwangu, nikamlaza kwenye kifua chake, nikamshikisha mkono wake mmoja mgongoni kwa mtoto na mwingine matakoni. Kifua chake kilikuwa cha moto kama mkate. Nikatwaa kanga ile ile nikawafunga wote wawili.

Kwenye benchi la mbele yetu alikaa bibi mmoja wa kwetu, nilimjua kwa lafudhi na kwa jicho lake. Alitutazama, akanitazama mimi nilivyokuwa, akamtazama yeye.

"Mayu, mama wewe," alisema kwa mshtuko, "huyo si mkwe wako?"

"Ndiye."

Akajitupia kanga usoni akageukia ukuta.

"Jifunike vizuri," nikamwambia. "Sisi tuna kazi."

Tukaendelea kuutazama ule mdomo, mimi upande huu, yeye upande ule, vichwa vyetu vikikaribia kugongana. Aliniambia, bila kupitia kwa mtu yeyote, kwamba mama, anapumua. Nikamwambia naona. Akaniambia sato aliowaleta hakuwapata kwa wavuvi bure, alikuwa akipakua mitumbwi mwaloni kabla ya kuchota maji. Nikamwambia anyamaze, atamshtua mtoto. Nilikuwa na neno la kumwambia na sikuwa nimejifunza kulisema kwa mtu yeyote, sembuse kwake. Nikasema, "Yale niliyokuambia pale jabalini."

"Nilisikia lile la mwisho, mama," alisema. "Hayo mengine upepo ulikuwa mwingi."

Ndipo mtoto akasogeza kichwa. Akakisugua kwenye kifua cha baba yake, kushoto, kulia, mdomo ukafunguka, mkubwa kuliko nilivyodhani una nafasi, akaanza kutafuta ziwa pale kwenye mifupa na nywele za mwanaume, kwa hasira, kama mtu aliyeibiwa.

"Mama!" mkwe alisema. "Mama, anatafuta!"

Nikainuka nikakimbia korido nzima kumwita nesi, na blauzi yangu nikaiacha benchini.